Pale Magitaa Yanaponyamaza

Tulimzika Gaspari huko Laela siku ya Jumanne, na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka bado wakati kijana mmoja wa redio aliposimama mbele ya turubai na kipaza sauti chake, akaanza kutueleza mambo ambayo, kwa maneno yake, hatukuwahi kuyajua kuhusu wimbo wa “Nitakungoja Laela.” Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, miguu nimeinyoosha, magoti yananiuma kwa baridi. Kijana akasema jambo la kwanza, marehemu aliutunga wimbo kwa ajili ya msichana wa Laela aliyemkataa. La pili, ule mngurumo wa gitaa ambao vijana wanauita roki, aliupata kwa chombo maalumu alicholetewa na mzungu kutoka ng'ambo. La tatu, pale katikati ya wimbo ambapo magitaa yote yananyamaza na wanawake wanasikika kwa mbali wakipiga vigelegele, alipapanga mwenyewe kwa ufundi, ili wachezaji wavute pumzi. Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja kando yangu akaninong'oneza kwamba kumbe marehemu alikuwa na akili nyingi. Nikamwambia ndiyo, alikuwa nazo. Mambo matatu, na hakuna la kweli hata moja. Hilo la tatu nalijua kuliko mtu yeyote aliyebaki hai, kwa sababu wale wanawake hawapigi vigelegele. Wanalia.

Lakini si maneno ya kijana yaliyonifanya nishike kalamu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na kuandika kwangu ni kama kupanda mlima na mzigo. Kilichonifanya ni Oliva. Oliva ni binti wa Gaspari wa kumzaa, ila nimemlea mimi tangu ana wiki tatu, na ananiita Mama. Alitoka Chala kuja mazikoni kwa sababu nilimlazimisha. Watu walipopanga mstari kutupia udongo, mzee wa familia akamwita kwanza, ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu. Oliva akasogea mpaka ukingoni, akatazama chini, akaikunja mikono ndani ya kitenge chake, akarudi nyuma. Hakutupa hata punje. Watu wote waliona. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye binti wa kuozesha, anamnyima baba yake konzi moja ya udongo, na aliyestahili kunyimwa udongo huo ni mimi.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa sabuni ya foleni. Wenzangu wa umri wangu wanaujua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Katandala, pale Sumbawanga, na rafiki yangu Yasinta katika chumba kimoja cha kupanga, nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati lililokuwa likipigapiga kwenye upepo kama mtu anayedai mlango. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, ndoo mbili, na msumari wa kutundikia gauni la Jumapili, moja letu sote wawili, tukipokezana misa ya kwanza na ya pili. Ukuta wa kwenda kwa mwenye nyumba haukufika juu, kwa hiyo tulikula chakula chetu na ugomvi wao. Mama mwenye nyumba alikuwa akimwambia mumewe kila jioni kwamba anakula kama anayelipwa kwa kula, na mume anajibu kwamba akilipwa atamnunulia yeye kufuli la mdomo. Yasinta alikuwa akifa kwa kicheko, anajifunika uso na upande wa blanketi wasimsikie. Tulikula ugali wa ulezi na maharage, siku njema samaki, migebuka mikavu ya Kirando, na tukiwa hatuna kitu tulikunywa togwa tukalala. Sikumbuki kwamba tulijiona maskini. Nakumbuka baridi tu, na mgongo wa Yasinta, ambao ulikuwa wa moto kama mkate.

Tulikuwa tukipika pombe ya ulezi kwa mama mmoja mwenye kilabu, na nyuma ya kilabu palikuwa na ghala la mahindi lililokaa tupu, ndimo bendi ilimofanyia mazoezi. Gaspari alikuwa mpiga gitaa na ndiye mkubwa wao. Mrefu, mpole, viatu vyake vimefungwa na waya. Wapo waliosema ni mvivu kwa sababu hakulima, na kwetu Ufipa kijana asiyelima matuta hana pa kuuweka uso wake. Ule mngurumo wa gitaa alioupamba kijana wa redio niliuona ukizaliwa kwa macho yangu. Mbuzi wa mama wa kilabu aliingia ghalani mchana, akaona kivuli chake kwenye spika, akaipiga pembe. Spika ikachanika. Gaspari alikaa chini akaishika kama mtoto aliyeumia. Yasinta akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akapika uji mzito wa unga, akabandika lile tundu. Walipowasha, gitaa likanguruma kama lori linalopanda mlima. Wengine wakasema limekufa. Yasinta akasema, “Liacheni hivyo hivyo. Sasa linasikika kama mwanaume.” Hicho ndicho chombo cha ng'ambo.

Na msichana wa Laela hakuwepo. Palikuwa na gunia la ulezi. Mama wa kilabu alimtuma Yasinta Laela kuchukua gunia hilo, lori likaharibika, akakaa siku mbili stendi amelikalia, akiimba ili asilale watu wakamwibia. Aliliimbia gunia. Aliliambia kwamba atangoja nalo Laela hata mvua inyeshe, hata wenye haraka wote wapite. Aliporudi akatuimbia kwa mzaha, Gaspari akachukua gitaa, na mzaha ukawa wimbo. Maneno ni ya Yasinta, kila moja. Sauti ya kwanza ilikuwa yake, mimi nilikuwa sauti ya pili na kayamba. Alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji kupanda ili isikike. Mimi ilinibidi nipande, na mishipa ya shingo ilinitoka. Alikuwa akinitania kwamba nikiimba nafanana na kuku anayemeza punje kubwa. Nilicheka. Sikupenda, lakini nilicheka.

Mimba ilikuwa ya Gaspari, na hakuikana. Alisema mafundi wa redio wakija kurekodi, wimbo ukasikika, atapata uso wa kwenda kwa wazazi wa Yasinta na wazee wake. Bila hilo wangemuuliza analima wapi. Kwa hiyo sote tulikuwa tunawangoja mafundi hao kama watu wanavyongoja mvua ya kwanza. Gari lao lilikuwa likipita mikoani, siku moja kila mji, na lililopita halirudi. Taarifa ikaja kwamba Sumbawanga ni Alhamisi. Ilikuwa mwezi wa sita, upepo ule wetu wa vumbi, unaokata midomo. Yasinta alikuwa amehesabu kwamba bado ana wiki tatu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kamba kwa mikono miwili, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nikamuuliza, akasema ni mgongo tu. Nikasema mgongo gani unaotoa jasho. Akangoja mpaka uchungu ukapita, kisha akasema nimwitie Bibi Skola, mkunga wa mtaa ule, mwanamke mkali aliyekuwa amewapokea nusu ya watoto wa Katandala. Nikaenda nikamleta. Bibi Skola akamgusa tumbo, akasema mtoto wa kwanza hana haraka, labda jioni. Nikasema basi mimi sitakwenda ghalani. Nilisema kweli, naweza kuapa. Yasinta akanikazia macho.

“Ukibaki hapa utafanya nini, Kleme? Utanisaidia kusukuma? Nenda ukaimbe sauti yangu. Sauti ya kwanza ikikosekana, huyo mtoto hana baba.”

Nikavaa gauni la Jumapili. Nilipofika mlangoni akaniita tena, akaniambia nisimwambie Gaspari kitu, vidole vitamtetemeka, atauharibu wimbo. Nimwambie yuko kwenye foleni ya sabuni. Nikaenda. Gaspari aliponiuliza mwenzangu yuko wapi, nikamwambia yuko kwenye foleni ya sabuni, namba yake imekaribia, hawezi kuiacha. Akasikitika, akaniuliza kama nitaiweza sauti ya kwanza. Nikamwambia nitaiweza.

Mafundi walikuwa wawili na dereva. Gari lao, Land Rover, walilisimamisha mlangoni kabisa kwa ghala, waya zikaingia ndani kupitia upenyo wa mlango. Tulikuwa tumetundika magunia kwenye kuta ili sauti isirudi. Dereva alibaki nje, ameegemea boneti, anatafuna karanga. Fundi mkubwa alikuwa mtu wa Pwani, amejifunga shuka juu ya koti, anatuuliza kama huku watu wanaishi au wanaadhibiwa. Tulijaribu mara ya kwanza, mpiga ngoma akakosea. Mara ya pili waya ukachomoka. Fundi akatazama kanda yake, akasema iliyobaki inatosha mara moja tu, tukikosea tena ameshafunga virago, Mbeya wanamngoja. Akainua kidole, akakishusha, tukaanza.

Sasa nieleze desturi, maana wajukuu zangu hawaijui tena, wanapishana na jeneza wakiwa wanaongea kwenye simu. Kwetu msiba ukipita njiani, kila kitu kinasimama. Mwanaume anavua kofia. Mwanamke anachuchumaa, anainamisha kichwa. Jembe linalazwa chini. Huulizi ni nani aliyekufa, humsemeshi mbebaji, humtazami mfiwa usoni, unangoja mpaka wapite. Mtoto aliyeuliza swali alifinywa. Na mgonjwa tulimtambua hivi: mgonjwa akibebwa kitandani, uso unaachwa wazi. Aliyefunikwa uso ni maiti. Hakuna aliyefundishwa hilo, ni kama kujua usiku na mchana.

Tulikuwa tumefika katikati ya wimbo. Mimi nilisimama karibu na mlango, kayamba mkononi, kwa sababu fundi alisema kayamba lisikae karibu na kipaza sauti. Nikasikia kilio cha wanawake nje. Nikasukuma ubao wa mlango kwa kiwiko, nikachungulia. Niliona watu wanne wamebeba kitanda, wanatembea upesi, kitanda kimefunikwa kitenge kuanzia miguuni mpaka kichwani, na nyuma wanawake watatu au wanne, wanalia, nguo zimevutwa usoni kwa sababu ya vumbi. Dereva alikuwa ameshavua kofia yake. Nikafanya kama nilivyolelewa. Nikachuchumaa palepale kizingitini, nikainamisha kichwa, na mkono wangu mmoja nikauinua juu, kiganja wazi, kuwaambia wenzangu nyuma yangu wanyamaze, msiba unapita. Wakanyamaza. Wote, mara moja, kama mtu mmoja. Gaspari akalaza kiganja juu ya nyuzi. Fundi wa Pwani hakuelewa, alikuwa anapunga mikono tuendelee, kanda inazunguka. Hatukuendelea mpaka kilio kilipokuwa mbali. Hesabu ukisikiliza wimbo: ni pumzi kumi na moja. Nimezihesabu miaka yote hii.

Baada ya kama saa moja akaja mama mwenye nyumba wetu, mbio, amevaa kiatu kimoja. Hakutusalimu. Aliuliza tu kama hatujasikia. Nilikimbia mpaka hospitali, na Gaspari alinipita njiani, ameacha gitaa, ameacha koti. Tulimkuta Bibi Skola amekaa chini kwenye veranda, kitenge chake kimelowa mpaka magotini, amemkumbatia mtoto. Daktari alifanya aliloweza, alimuokoa mtoto. Yasinta alikuwa amefika amekwisha damu. Bibi Skola akatueleza bila kututazama. Damu ilianza ghafla, nusu saa baada ya mimi kuondoka. Akaita vijana wa jirani, wakambeba. Wasichana waliokuwa wanamsaidia wakashikwa na woga wakaanza kulia, akawakemea lakini hawakunyamaza. Upepo ulikuwa unamtia Yasinta vumbi la macho na mdomo, na mgonjwa mwenyewe alikuwa anaona aibu watu wamwone vile barabarani. Ndipo Bibi Skola akamfunika uso.

Kisha akanitazama. Sijatazamwa vile tena na mtu yeyote.

“Nilikuja njia ya ghalani kwa sababu ya lile gari,” akasema. “Nilikuona mlangoni. Ukainamisha uso, ukatuonyesha mkono tupite.”

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema, Bibi, nilidhani ni maiti, mkono ule ulikuwa wa bendi. Ni maneno machache tu. Lakini nilikuwa namwona Gaspari anavyotazama, nikajua kwamba nikisema hayo itabidi niseme na mengine, kwamba nilijua Yasinta yuko kwenye uchungu, kwamba kati ya wote mle ghalani ni mimi peke yangu niliyekuwa na sababu ya kukitazama kile kitanda mara mbili. Foleni ya sabuni. Mdomo ukabaki wazi. Gaspari akasema, “Ni mimi niliyemwambia awapungie mpite. Tulikuwa tunarekodi.”

Alisema hivyo mbele ya watu sita au saba. Bibi Skola akamtemea mate miguuni. Jioni mji mzima ulijua kwamba Gaspari alimnyima gari mwanamke aliyebeba mtoto wake, kwa ajili ya wimbo. Kaka zake Yasinta walimfukuza mazikoni kwa fimbo. Baada ya wiki akahamia Laela, akawa analima, yeye ambaye hakuwahi kulima. Wimbo ukapigwa redioni nchi nzima, wasichana wakajifunza kupiga vigelegele pale pale wenzao walipolia, na yeye hakulishika gitaa tena. Kijana wa redio hakulisema hilo. Pengine halijui.

Mama yake Yasinta alinipa mtoto nimlee kwa sababu yeye alikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa rafiki. Rafiki. Nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji wa ulezi, na nilipoolewa nilikwenda nimembeba mgongoni. Oliva alipofika miaka minane bibi yake akamkalisha akamsimulia baba yake ni mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, sinia mapajani, nachambua maharage. Nilitoa mawe. Nilitoa yaliyooza. Sikuinua kichwa. Mwaka uliofuata Gaspari akaja na viatu vya shule alivyomnunulia, vyeusi, vipya, na Oliva akavichukua akavirudisha barabarani kimoja kimoja, kama mtu anayetupa panya. Nilimsindikiza Gaspari mpaka njia panda. Nikamwambia sasa nitamwambia, siwezi tena. Akasema nisithubutu.

“Akikuchukia wewe atabaki na nani? Mimi ananichukia niko mbali, haimuumizi sana. Mwache akue kwanza.”

Akakua. Akaolewa, akazaa, na kila mwaka nilisema mwaka huu. Nilipomwona amempata mume nikasema nisimharibie furaha. Alipokuwa na mimba nikasema nisimtishe. Nilikuwa hodari wa kutafuta sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Watu wananiita mama mkali, mtu wa kusema kweli usoni. Nimewakemea mapadri. Nimewapiga wajukuu viboko kwa uongo wa peremende. Miaka arobaini na zaidi mtu mwingine amekula chuki ya mtoto wake mwenyewe kwa ajili yangu, ameila kimya kimya huko Laela na mahindi yake, mpaka akafa, na huyo mtoto akasimama juu yake akaikunja mikono.

Oliva alilala kwangu siku ile ya maziko, maana basi la Chala lilikuwa limeondoka. Asubuhi nikamwekea chai na viazi vitamu, nikamwambia akae. Nikamwambia mkono ulikuwa wangu. Nilimwambia na foleni ya sabuni, na kitenge, na maneno ya baba yake pale hospitali. Nilianza kulia kabla sijafika mbali, na kulia kukanisaidia, nikaona anaanza kunionea huruma, mkono wake ukaja juu ya meza kunishika. Halafu akaurudisha. Alikaa akimenya kiazi mpaka kikaisha maganda, hakukila.

“Nilipita nyumbani kwake mara ngapi, Mama?” akaniuliza. “Kila nikienda Tunduma basi linasimama Laela. Alikuwa anakuja stendi anasimama ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nafunga dirisha.”



Akachukua mfuko wake. Akasema siji kwako kwa sasa, na wewe usinipigie. Nilimfuata mpaka mlangoni nikimsihi anisikilize tena, nimweleze vizuri, na hapo ndipo akageuka.

“Andika. Ukisema unalia, na mimi nakuonea huruma, na sitaki kukuonea huruma kabla sijakasirika. Andika yote. Usiruke.”

Ndivyo nilivyoandika. Ni wiki ya tano sasa, hajapiga simu, na binti yake anaolewa mwezi ujao bila mimi kujua kama nimealikwa. Nimelisoma hili daftari tangu mwanzo, polepole, kwa kidole, na nimeona nimeruka. Nimetoka kwenye ukimya nikaenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba mwenye kiatu kimoja, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Palikuwa na saa nzima. Oliva, nisikilize.

Kilio kilipoishia mbali nilisimama nikafunga mlango. Fundi alikuwa anatuonyesha kwa vidole kwamba kanda inakwisha, ndiyo maana nusu ya pili ya wimbo inakwenda mbio, si ufundi. Baba yako akalikurupua gitaa, likanguruma, na mimi nikaingia kwa sauti ya mama yako. Ilikuja, Oliva. Haikunibidi kupanda. Ilinitoka tu kifuani, mpaka mpiga ngoma akageuka kunitazama, na mimi nikawaza, kwa maneno haya haya, kwamba Yasinta asingeweza kuifikisha hapa. Nikafurahi kwamba hayupo. Tulipomaliza fundi akainua dole gumba, tukapiga kelele, baba yako akaninyanyua juu akanizungusha, akasema akimaliza tu hapa anakwenda foleni kumwambia mwenzangu. Nikamwambia amwache, tunywe kwanza. Dereva akatoa soda ndani ya gari. Nilikaa kwenye boneti na gauni la Jumapili, nikanywa chupa nzima, nikaomba na ya pili, na wakanifanya niimbe tena peke yangu, wakanipigia makofi. Bibi Skola alinieleza miezi mingi baadaye walikuwa wapi tulipoingia nusu ya pili. Vijana walikuwa wamechoka, wakamtua chini kando ya barabara, karibu kabisa, kwenye kona inayofuata. Mama yako alikuwa bado anaongea. Alisikia magitaa yameanza tena, akauliza kama ni mimi ninayeimba.